Senti moja kwa neno: uzi wa hadithi za upelelezi, bastola na makauboi wa mauzauza

#1 Mzee wa Kibatari

Wakuu, habari za jioni.

Nikiwa kidato cha pili, bwenini kwetu kiliingia kitabu kimoja cha upelelezi. Kitabu kimoja, wasomaji kumi na watano. Kaka mmoja wa kidato cha nne akakata uzi wa mgongoni kwa wembe, akakigawa vipande vinne, kila kipande kikaenda kitanda chake. Ukimaliza unampasia jirani. Mimi nikaangukiwa na kipande cha tatu. Naingia kwenye hadithi watu wawili wameshakufa, kuna mwanamke kajifungia chumbani, na mtu anapanda ngazi bila viatu. Sijui nani ni nani. Nilisoma mpaka kibatari kikaisha mafuta. Kipande cha kwanza na cha pili nilivipata wiki hiyohiyo. Cha nne kiliondoka na aliyekuwa nacho kwenda likizo, hakikurudi. Jalada halikuwepo, jina la kitabu hakuna aliyelijua, na mimi hadi leo sijui yule wa ngazini alikuwa nani.

Nimekaa na deni hilo miaka mingi. Ndilo lililonifanya nianze kufuatilia hadithi za namna hii zilitoka wapi, na leo nataka tuzungumze kwa kirefu. Nina jambo moja moyoni: watu wanazidharau kwa sababu ya karatasi zilizochapwa, hawaangalii kilichoandikwa juu ya karatasi hizo.

Tuanze na hiyo karatasi. Marekani, mwaka 1896, tajiri wa magazeti Frank Munsey alilibadilisha jarida lake la The Argosy likawa la hadithi tupu, kurasa 192, kwa karatasi ya bei ya chini kuliko zote. Karatasi hiyo ilitengenezwa kwa rojo la miti iliyosagwa, na jina la Kiingereza la rojo hilo, palpu, ndilo lililobaki kuwa jina la fasihi nzima. Rojo hilo halikusafishwa vizuri, na ndani yake mna asidi. Karatasi inageuka njano, halafu kahawia, halafu ukiikunja pembe inakatika kama biskuti. Yaani ilitengenezwa isomwe mwezi mmoja itupwe. Jalada peke yake ndilo lilikuwa la karatasi ya kung'aa, lenye picha ya rangi kali, kwa sababu jalada ndilo lililouza.

Bei senti 10 mpaka 25. Aliyenunua ni karani, mfanyakazi wa kiwandani, mpiga chapa wa ofisini anayerudi nyumbani kwa treni. Na mwandishi? Wengi walilipwa senti moja kwa neno, wengine chini ya hapo. Ukiandika maneno elfu tano, unaondoka na dola 50. Shikeni hesabu hiyo, nitairudia.

Naendelea usiku.

#2 Ngalawa

Nimeweka kambi hapa mkuu. Tiririka.

#3 Mwalimu wa Zamu

Mleta mada, naheshimu mapenzi yako ila nitasema ninachokiamini. Nimefundisha Kiswahili sekondari muda mrefu. Mwanafunzi akizama kwenye hadithi za bastola na mabibi wa hotelini, insha zake zote zinaanza na mlio wa risasi. Kuandika kwa kulipwa kwa neno si uandishi, ni kibarua. Mtu wa namna hiyo atarefusha tu ili apate nauli. Nionyeshe fasihi iko wapi hapo.

#4 Mzee wa Kibatari

Mwalimu, shikamoo. Swali lako ndilo hasa nililolitaka, na ngoja nikujibu kwa mtu mmoja.

Mwaka 1915, huko Baltimore, kijana mmoja aliyeacha shule mapema aliajiriwa na wakala wa upelelezi wa Pinkerton. Jina lake Dashiell Hammett. Alifundishwa kumfuata mtu barabarani bila kujulikana, kukaa kwenye baridi saa nyingi akiangalia mlango mmoja, kuandika ripoti fupi isiyo na pambo. Vita vya kwanza vikamwachia kifua kikuu. Afya ilipomkatalia kazi ya miguu, akiwa San Francisco na familia, akaanza kuandika ili ale.

Jarida lililompokea liliitwa Black Mask. Lilianzishwa mwaka 1920 na H. L. Mencken na George Jean Nathan, na wenyewe hawakulipenda. Walilitaka lilete fedha za kulisha jarida lao la heshima, The Smart Set, na baada ya matoleo manane wakaliuza. Yaani hata wazazi wake walilionea aibu, mwalimu, kama wewe.

Sasa angalia alichofanya Hammett mle ndani. Kabla yake mpelelezi wa hadithi mara nyingi alikuwa bwana wa nyumba kubwa, anatatua kifo cha tajiri kwa kufikiri kitini. Mwaka 1923 Hammett akaleta mpelelezi asiye na jina, mfupi, mnene, umri kama miaka arobaini, mwajiriwa wa wakala, anayechoka, anayepigwa, anayeandika gharama zake za teksi. Na sentensi zikawa kama za ripoti. Hasemi mtu alikasirika. Anakuonyesha mtu anasokota sigara polepole, tumbaku inamwagika kidogo, hajibu swali. Wewe msomaji unajua mwenyewe kwamba mambo yameharibika.

Hapo ndipo nakataa neno lako kwamba senti kwa neno humfanya mtu arefushe. Wapo waliorefusha, na majina yao yameoza pamoja na karatasi. Hammett alilipwa kwa neno na akaandika kwa kubana. Riwaya yake ya The Maltese Falcon, wengi mnaijua filamu ya 1941 yenye Humphrey Bogart, ilitoka Black Mask kwa vipande vitano, Septemba 1929 hadi Januari 1930. Msomaji wa Septemba alilala na kiu miezi minne. Mimi nilipojua hilo nilikumbuka kitanda changu cha bweni.

#5 Mzee wa Likoni

Mumenikumbusha mbali. Sisi wa Mombasa miaka ya mwisho ya sitini na mwanzo wa sabini tulikuwa na jarida la picha, African Film, la kampuni ya Drum. Shujaa wake Lance Spearman, tukimwita Spear. Mpelelezi mweusi, kofia kichwani, suti, ngumi nzito. Kila picha na maneno yake. Toleo likishuka, mtu mmoja ananunua, mtaa mzima unasoma, na vijana wote wanatafuta kofia.

Wakati ule hatukuwa na habari kama kuna Black Mask. Lakini nikisoma hapa namuona Spear kabisa.

#6 Chuma cha Pua

Kwa hiyo wa kwetu wote wameiga tu? Bwana Msa anavuta kiko kama Sherlock Holmes, Willy Gamba anabeba bastola kama majasusi wa filamu. Sisemi ni vibaya, nauliza tu.

#7 Bi Karafuu

Chuma, ndugu yangu, kiko ni kiko, kinauzwa dukani. Hebu tuangalie kilichomo.

Muhammed Said Abdulla alikuwa mwandishi wa habari hapa Unguja, na kabla ya hapo alifanya kazi ya ukaguzi wa afya. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki ya 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Ni kweli Bwana Msa na rafiki yake Najum wamekaa kama wale wawili wa London. Lakini mzee yule aliiweka maiti kwenye mzimu! Mahali ambapo mtu wa kijijini hathubutu kupita ovyo, panafukizwa ubani, panawekwa nadhiri. Na Bwana Msa anatakiwa atenganishe kinachoogopwa na kinachotendwa. Hiyo si ya London. Mimi nilikisoma kwa sauti kumsomea bibi yangu, naye kila nikifika penye mzimu ananambia punguza sauti.

Na tusiwachanganye. Bwana Msa ni wa ukoo wa kufikiri. Anahoji, anaunga nyuzi, hakimbizani na mtu. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni ukoo mwengine, wa mwendo na silaha, na amebeba jambo la wakati wake. Kufa na Kupona imetoka 1974, na ndani yake zimeibiwa nyaraka za kupigania ukombozi wa Afrika. Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao Dar es Salaam tangu 1963. Kwa msomaji wa mwaka ule hilo halikuwa pambo la hadithi. Wapigania uhuru alikuwa akipishana nao barabarani.

Mwalimu wa Zamu, shikamoo na kwako pia. Kuna watu hawakupata kumaliza kitabu kizima cha Kiswahili maishani mwao mpaka waliposhika cha Willy Gamba au cha Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Mume wangu ni mmoja.

#8 Mwalimu wa Zamu

Marahaba, Bi Karafuu. La Abdulla nakubali bila ubishi, na yeye sikumtia kwenye lawama zangu. La mume wako nimelisikia pia.

#9 Mzee wa Kibatari

Bi Karafuu ahsante sana, umelisema vizuri kuliko ningelisema mimi. Na mzimu wako umenifungulia mlango wa ninachokipenda kuliko vyote: hadithi za makauboi wenye kukutana na mauzauza.

Mwezi Machi 1923, Chicago, lilianzishwa jarida la Weird Tales. Kazi yake ilikuwa hadithi ambazo hakuna mwingine aliyezitaka: maiti zinazotembea, miungu ya baharini, laana. Huko Texas, kwenye mji mdogo wa Cross Plains, alikuwepo kijana Robert E. Howard, mwana wa daktari, aliyelelewa na simulizi za mizuka za bibi yake na habari za vita vya walowezi na Wahindi Wekundu. Huyu ndiye aliyemuumba Conan, yule mliyemwona kwenye mabanda ya video akichezwa na Arnold Schwarzenegger katika filamu ya 1982. Lakini mimi namkumbuka zaidi kwa hadithi moja ya Mei 1932, ya kichuguu kikubwa, yaani tuta la udongo juu ya kaburi, kilichoko magharibi ya Texas.

Niwasimulie kidogo. Steve Brill alikuwa mchunga ng'ombe, sasa analima, na shamba limemshinda. Jirani yake ni mzee wa Kimeksiko, Juan Lopez. Brill ameona kitu: Lopez akirudi nyumbani jioni, njia yake fupi inapita kando ya kichuguu cha kaburi la kale, lakini yeye huzunguka mbali, na hukaza mwendo. Brill anamuuliza, Lopez anagoma. Ukoo wake umeapishwa usiseme. Basi Brill akajiambia, kama hawasemi pana dhahabu. Akachukua sururu.

Ndani ya kichuguu hakukuwa na dhahabu. Alikuwepo bwana wa Kihispania wa karne ya kumi na sita, mnyonya damu, aliyefukiwa na wenzake wa safari. Usiku ule Lopez, ambaye kiapo kilimkataza kusema, aliamua kuandika, na Brill anaisoma barua ile mwandishi wake ameshakufa. Mwisho wanapigana kwa mikono, Brill na yule kiumbe, ndani ya kibanda kinachowaka moto.

Kinachonishika mimi ni ile jioni ya mwanzo, mtu anazunguka mbali na kichuguu. Wangapi hapa mnajua mbuyu au kisima ambacho mzazi wako hakipiti magharibi ikiingia, na ukimuuliza anabadilisha mazungumzo? Ukauboi wa kawaida unasema ardhi ni mali ya mwenye bunduki. Howard akasema chini ya ardhi hiyo kuna waliotangulia, na hawajalala. Wapenzi wengi wa hadithi hizi wanaihesabu hiyo kuwa miongoni mwa za kwanza za aina yake. Miaka arobaini baadaye, 1972, wachora katuni wa Marekani walipomleta Jonah Hex, kauboi mwenye uso ulioungua, njia ilikuwa imeshalimwa.

Sasa ile hesabu ya senti. Weird Tales lilichelewesha malipo. Mei 1935 Howard alimwandikia mhariri Farnsworth Wright kumwomba fedha zake. Alikuwa anawadai zaidi ya dola 800 za hadithi ambazo zilikwisha kuchapwa, zimeuzwa, zimesomwa, na mama yake anaumwa kifua kikuu, matibabu yanakula kila kitu nyumbani. Tarehe 11 Juni 1936, mama akiwa hajitambui tena, Howard alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 30. Bado walikuwa hawajamaliza kumlipa.

Wakuu, hapa huwa nafunga kitabu kwanza.

#10 Ngalawa

Mungu amrehemu. Miaka thelathini!

#11 Chuma cha Pua

Mzee wa Kibatari, #9 imenikalia vibaya, na nitasema kwa nini.

Miaka kadhaa nyuma niliandika hadithi ya kutisha kwenye gazeti moja la kila wiki. Ilikwenda wiki 22. Nilikuwa napeleka mwenyewe ofisini, nimeichapa kwenye duka la stesheneri, flashi mfukoni. Wasomaji walikuwa wananipigia simu kuniuliza nani atakufa wiki ijayo. Muuza magazeti wa kituo chetu cha daladala alinambia siku hadithi yangu ikikosekana, watu wanaliacha gazeti. Nimelipwa wiki nne. Zilizobaki niliambiwa mhasibu hayupo, njoo Ijumaa. Ijumaa mhasibu yupo, hundi haijasainiwa. Mwisho mlinzi akawa ananijua kwa jina. Wiki ya 22 niliiacha shujaa yuko ndani ya kisima na sikuandika tena neno, gazetini wala kwingine.

Sijawahi kulisema hili mahali.

#12 Bi Karafuu

Pole sana, mwanangu. Pole ya kweli. Umedhulumiwa jasho lako.

Nikuongezee mmoja, Mzee wa Kibatari. Majalada ya Weird Tales yaliyokuwa yakipiganiwa dukani miaka ya 1933 na kuendelea yalichorwa na mwanamke, Margaret Brundage wa Chicago. Alichora kwa chaki za rangi. Alisaini M. Brundage, wasomaji wengi wakadhani ni mwanamume. Dola 90 kwa jalada, na kwa fedha hiyo alimlea mtoto wake na kumtunza mama yake, maana mume hakuwa wa kutegemewa. Picha zenyewe nyingi siwezi kuzitundika ukumbini kwangu, wanawake hawana nguo! Lakini kwa mkono, yule mama alikuwa fundi. Na kule kwenye majarida ya mapenzi, Love Story Magazine lilihaririwa na mwanamke, Daisy Bacon, tangu 1928. Tusiwasahau.

#13 Mpwa wa Shangazi

Naomba kuuliza, hayo majarida yaliishia wapi? Na mtu akitaka kuanza kuandika za namna hii leo aanzie wapi? Kwenye makundi ya WhatsApp watu wanauza hadithi sehemu kwa sehemu, kila mwisho "itaendelea", lakini nyingi zinakufa sehemu ya tano.

#14 Mzee wa Kibatari

Yaliishia kwa mambo matatu kugongana. Vita vya pili vikaleta mgawo wa karatasi. Vitabu vya mfukoni vya senti 25 vilianza 1939 kwa Pocket Books, msomaji akapata hadithi nzima kwa bei ileile. Halafu televisheni. Mwaka 1949 kampuni kubwa ya Street & Smith ikafunga karibu majarida yake yote ya hadithi kwa mkupuo. Wafaransa nao walikuwa wameshaanza kuzikusanya hadithi za mji na usiku, wachapishaji Gallimard wakaanzisha mfululizo wao wa Série Noire mwaka 1945, jalada jeusi, na hapo ndipo dunia ilipozizoea kwa jina la hadithi nyeusi.

Kuhusu kuanza, kuna fundi wawili ninaowaamini.

Lester Dent, aliyeandika hadithi za shujaa Doc Savage, aliacha kanuni yake wazi. Maneno 6,000, unayagawa mara nne, maneno 1,500 kila fungu. Fungu la kwanza unamtupia shujaa matatizo mapema iwezekanavyo, ikiwezekana mstari wa kwanza. Kila fungu linaishia kwa jambo linalopindua ulichodhani, na shujaa yuko pabaya kuliko alivyoanza. La nne anajitoa kwa akili na mikono yake mwenyewe, asiokolewe na askari wanaotokea ghafla. Mpwa, hadithi za WhatsApp zinakufa sehemu ya tano kwa sababu mwandishi anajua "itaendelea" tu, hajui la nne ni nini.

Wa pili ni Raymond Chandler. Alizaliwa Chicago 1888, akakulia Uingereza, akawa mkubwa kwenye kampuni ya mafuta Los Angeles, akafukuzwa 1932 kwa ulevi. Miaka arobaini na minne, hana kazi. Akajifundisha hivi: alichukua hadithi ya Erle Stanley Gardner, mtu aliyekuja kumuumba wakili Perry Mason, akaandika muhtasari wake, akaiweka pembeni, kisha akaiandika upya yote kwa maneno yake. Halafu akalinganisha aone wapi mwenzake amemzidi. Akarudia tena. Hadithi yake mwenyewe ya kwanza ilimchukua miezi mitano, ikatoka Black Mask Desemba 1933, akalipwa dola 180. Miezi mitano, dola 180! Mwalimu wa Zamu, huyo ndiye kibarua unayemsema.

#15 Mwalimu wa Zamu

Hilo zoezi la muhtasari na kuandika upya nitawapa kidato cha tatu wiki ijayo. Nitatumia sura moja ya Bwana Msa.

#16 Chuma cha Pua

Mzee wa Kibatari, nimelala na uzi huu nimeamka nao. Nina ombi.

Nipe muhtasari wa vile vipande vitatu ulivyosoma bwenini. Chochote unachokumbuka. Nataka niandike cha nne, kama yule Chandler alivyofanya. Maneno 1,500. Simuuzii mtu, nakiweka humu.

#17 Mzee wa Kibatari

Mkuu, nimekaa kimya kidogo kabla ya kukujibu.

Ninachokumbuka ni hiki. Nyumba ni ya ghorofa moja, mji wa bandari, mvua. Ngazi ni za mbao na ya tano kutoka chini inalia ukiikanyaga, wamekufa wawili na wote walisikika wakiikanyaga. Huyu anayepanda sasa hakuikanyaga. Ameiruka. Maana yake ni mwenyeji. Mwanamke aliye chumbani mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa, na hajasema umekatwa na nini. Kuna barua chini ya godoro haijasomwa. Mpelelezi yuko kituo cha polisi upande wa pili wa mji anasubiri simu ambayo waya wake umeshakatwa. Mbwa wa nyumba hajabweka.

Ukurasa wa mwisho niliokuwa nao, yule mtu amefika juu na ameshika kitasa. Kitasa kilikuwa cha baridi, hilo liliandikwa.